Jinsi ya kuangalia picha za uchi za wachoraji wa Japani: we fuata kitambaa tu

Wakuu, kabla hamjanirukia, hii sio ile mnayoidhania. Neno "picha za uchi" kwa Kiswahili chetu limeshaharibika kabisa, ukilitamka tu mtu anajua kuna video imevuja mahali na watu wanaulizana nani anayo. Mi naongelea michoro ya rangi ya mafuta, ile ya watu waliovua nguo wakachorwa na Wajapani walioenda kujifunza uchoraji Ulaya, kuanzia miaka ya 1880 mpaka 1930 hivi. Nina kama miaka miwili nazichora upya kwa mkaa ili nijifunze mwili wa binadamu, na nilichogundua watu wengi wanaziangalia hovyo, mtu anaona ngozi, anacheka kidogo, anasogea, sekunde tatu kamaliza. Sa mi nina njia yangu nawapa bure: usianze na mwili, tafuta kitambaa. Kiko wapi, nani kakivua, nani kakirudisha. Ukikifuata hicho kitambaa mengine yote yanakuja yenyewe.

Unachohitaji ni kompyuta au simu yenye skrini ya maana, penseli, karatasi nyeupe moja ya A4, na bando, maana utakuwa unavuta picha mpaka uone alama za brashi. Makumbusho za taifa za Japani zina tovuti yao inaitwa ColBase, picha ni bure na ziko safi, usihangaike na zile za kwenye mitandao zimekatwakatwa na kuongezwa rangi.

Anza kwa kujiweka sawa kichwani, maana ukiingia na kichwa cha leo utapotea. Japani ya zamani mwili mtupu haukuwa habari. Bafu za umma zilikuwa kila mtaa na sehemu nyingi wanaume na wanawake waliingia pamoja, wabeba mizigo na mafundi wakati wa joto walipiga kazi na kitambaa cha kiunoni tu, hakuna aliyegeuka kumwangalia. Wazungu walivyoanza kumiminika wakashtuka, wakaandika kwamba hawa watu hawana haya, na serikali mpya ya mfalme Meiji iliyokuwa inataka kuonekana ya kistaarabu ikaona aibu. Mwaka 1872 Tokyo ikatoka sheria ya makosa madogo madogo, kutembea nusu uchi barabarani ni kosa, bafu za mchanganyiko marufuku. Yani mtu amezoea kubeba ndoo zake na kitambaa chake kiunoni tangu babu yake, kesho yake anakamatwa. Afu miaka ishirini baadaye anashuka kijana kutoka Paris na picha ya mwanamke hana hata uzi, anasema jamani hii ndo sanaa ya juu kabisa ya hao hao Wazungu. Ungekuwa we ndo polisi hapo ungefanyaje?

Na usije ukaniambia mbona Wajapani walikuwa na zile picha za mapenzi za zamani, shunga. Walikuwa nazo tena nyingi, ila zitazame vizuri, watu wengi mle wamevaa, kimono imefunguka lakini ipo, mikunjo na maua ya nguo ndo yamechukua nusu ya karatasi. Mwili peke yake, umesimama tu haufanyi kitu, halafu ndo uwe mada ya picha nzima, hicho ndo kilikuwa kigeni. Ikabidi watu wazoee na neno la kukiitia, ratai, na mchoro wake ratai-ga.

Haya fungua picha ya kwanza. Hii utaiona kwenye picha za kamera tu, yenyewe iliungua mwaka 1945 kwenye mabomu ya vita, ilikuwa kwenye nyumba ya familia ya Sumitomo. Inaitwa Chosho, kujipamba asubuhi tuseme, kaichora Kuroda Seiki mwaka 1893 kule Paris. Huyu Kuroda ni mtoto wa familia ya wakubwa kutoka Kagoshima, alipelekwa Ufaransa 1884 akasome sheria (wazazi ni walewale dunia nzima), akaiacha sheria akaingia kwenye studio ya mchoraji Raphaël Collin. Mwanamke kwenye picha ni Mfaransa, katupa mgongo, anashika nywele zake mbele ya kioo kirefu, na mbele yake unaiona ndani ya kioo. Hapo tulia. Fikiria ujanja wake: mtu hajakugeukia wewe, anaangalia mambo yake, kioo ndo kimekuonyesha. Ni kama Kuroda anasema mi sijakuonyesha kitu bana, umechungulia mwenyewe.

Ilioneshwa Tokyo 1894 hakukuwa na kelele kubwa sana, ila mwaka 1895 ikapelekwa Kyoto kwenye maonyesho makubwa ya viwanda ya taifa, sio wasanii tena wanaokuja, ni kila mtu, wakulima, wafanyabiashara, familia na watoto wao. Hapo moto ukawaka, magazeti yakalia itolewe. Haikutolewa, na tuzo ikapata.

Sa zoezi. Usiangalie tena picha ya Kuroda, tafuta katuni ya Georges Bigot, Mfaransa aliyekuwa anaishi Japani, kachora watu waliosimama mbele ya picha hiyo hapo Kyoto. Kuna mwanamke kajiziba uso kwa mkono wa kimono kwa aibu, halafu huku chini kimono chake mwenyewe kakipandisha, miguu yote iko nje! Bigot alikuwa anawacheka, na mi ile kejeli yake siipendi sana, kuna Mzungu anayefurahia kumwona Mjapani hajui aone aibu wapi. Ila kama mwalimu wa kuangalia ni mzuri, kwa huyo mama miguu ni miguu tu, unaipandishia nguo ukitaka kupanda ngazi, na uchi ni ule uliowekwa kwenye fremu. Kitambaa kipo, kiko sehemu ambayo hukutegemea.

Picha ya pili ndo yenye kesi yenyewe. Kuroda alienda tena Ufaransa wakati wa yale maonyesho ya dunia ya Paris 1900, akarudi na picha nyingine ya mwanamke wa Kizungu amekaa, safari hii katugeukia mbele, hamna cha kioo. Mwaka 1901 akaiweka kwenye maonyesho ya chama chao cha wachoraji, Hakubakai. Polisi wakaja. Hawakusema itolewe, hawakusema ichanwe, walichukua kitambaa wakakifunga kwenye nusu ya chini ya picha. Yani fremu imevaa kikoi! Hata picha ya mwalimu wake Collin ilivalishwa. Wajapani wanaiita koshimaki jiken, kesi ya kitambaa cha kiunoni, koshimaki ni ile nguo ya ndani mwanamke anajizungushia kiunoni chini ya kimono, ukifikiria kanga moja ya kujitanda kiunoni hujakosea sana.

Sa chukua ile A4 yako, funika nusu ya chini ya picha kwenye skrini. Kaa hivyo dakika nzima kweli, usidanganye. Halafu toa. Utaona kitu cha ajabu, ukiwa umefunika macho yako yanaenda palepale penye karatasi, uso wa yule mama huuoni, mabega huyaoni, unawaza karatasi tu. Ukiitoa ndo unaanza kuona mwanga ulivyokaa begani, uzito wa mwili ulivyokaa chini, kivuli chini ya kidevu kina kibluu kidogo ndani yake. Polisi walitaka kupunguza tatizo wakaliongeza.

Mi hili sikulisoma kwenye kitabu, lilinikuta. Nilienda steshenari moja kuprinti picha hiyohiyo nikachoree nyumbani, rangi, A3. Kijana wa pale akaifungua kwenye kompyuta, akaangalia nyuma kama kuna mtu, akapunguza mwanga wa skrini, akasema "kaka hii si tutafungiwa?" Nikamweleza ni uchoraji, ya 1901, ipo makumbusho. Akaprinti. Ikatoka kwenye mashine taratibu, nywele, uso, mabega, ilipofika kifuani yule kijana akachukua karatasi nyeupe kwenye rimu akailaza juu yake inavyotoka, akawa anaisogeza nayo mpaka mwisho. Akaizungusha zote mbili pamoja, akafunga na rababendi, akanichaji na ile karatasi ya juu. Nilitembea mpaka nyumbani nacheka peke yangu, miaka zaidi ya mia na ushee na koshimaki bado inafanya kazi.

Turudi nyuma kidogo, 1897. Picha hii ndo ya kukaa nayo muda mrefu kuliko zote, ukiwa na siku moja tu we kaa na hii uziache nyingine. Chi Kan Jo. Ni turubai tatu, kila moja ina urefu wa sentimita 180 na kitu, mwanamke mmoja kwenye kila moja, amesimama, mtupu. Soma kutoka kulia kwenda kushoto kama wenyewe wanavyosoma: Chi ni akili, Kan tuseme kuguswa, ile kitu inakugonga kabla hujafikiri, na Jo ni hisia. Mamodeli walikuwa Wajapani, sio Wafaransa tena, na hilo lilikuwa jambo zito kwa wakati huo.

Tafuta kitambaa. Hakuna. Hakuna kioo, kiti, shuka, dirisha, sakafu, hata kivuli cha miguu hakuna. Nyuma yao ni dhahabu tupu, ile dhahabu ya mapazia ya kukunja ya Kijapani. Vuta picha kwenye mkono au nyonga, utaona mstari mwekundu umezunguka mwili mzima. Hapo utashangaa maana ndani ya mstari ni Ulaya kabisa, ngozi ina mwanga na mviringo, nje ya mstari ni Kyoto. Mwangalie wa katikati, Kan, kanyanyua mikono yote viganja vinatuangalia. Mi kila nikimwona naona kama kasimamisha gari.

Sa chukua penseli, funga jicho moja, pima kichwa cha mmoja wao kuanzia utosini mpaka kidevuni, halafu hesabu kichwa hicho kinaingia mara ngapi mpaka kwenye unyayo. Fanya mwenyewe sikwambii jibu. Halafu tafuta picha yoyote ya kamera ya watu wa Tokyo wa miaka hiyo pima tena. Kuroda kawarefusha. Kawachukua wanawake wa kwao akawanyoosha wafanane na kipimo alichofundishwa Paris, na hapo ndo mi huwa namlaumu kidogo, japo namwelewa, alikuwa anataka mwili wa Mjapani uingie kwenye ile meza kuu na alijua meza ile ina kipimo chake. Na kweli 1900 Paris ikapata medali ya fedha, ila kule waliiandika kwa jina la kawaida tu, zoezi la kuchora mwanamke. Yale majina mazito ya akili na hisia yalikuwa ya nyumbani. Ndo maana nakwambia kitambaa kipo hata hapa, ni jina. Ukimwita mwanamke mtupu "Akili" polisi anaanza kujikuna kichwa.

Ukibahatika kufika Tokyo ipo Ueno, kwenye jengo la kumbukumbu ya Kuroda lililojengwa 1928 kwa pesa alizoacha mwenyewe, kuingia bure, ila chumba cha Chi Kan Jo kinafunguliwa vipindi vichache tu kwa mwaka kwa hiyo angalia ratiba kabla hujakata nauli.

Kuna waliomtangulia Kuroda, usiwasahau ila usikae nao sana. Hyakutake Kaneyuki alichora mwanamke amelala akiwa Roma mwanzoni mwa miaka ya 1880, Yamamoto Hosui naye Paris miaka hiyohiyo. Ni kazi za mwanafunzi hodari, mwanga wa Ulaya, mwili wa Ulaya. Angalia, sogea.

Halafu ruka mpaka 1912, Yorozu Tetsugoro. Hii nikiiweka watu wananiuliza kama kaichora mtoto. Ni picha yake ya kumalizia chuo pale Tokyo, chuo kilekile ambacho Kuroda alianza kufundisha idara ya uchoraji wa Kizungu 1896, na Kuroda ndo profesa. Walimu wakampa nafasi ya 16 kati ya wanafunzi 19. Leo ipo makumbusho ya sanaa ya kisasa Tokyo na serikali imeitangaza mali muhimu ya utamaduni, hao 15 waliomzidi wengi wao hata mi siwajui.

Mwanamke kalala kwenye majani, ila yale majani yamesimama kama ukuta, kwa hiyo huelewi kalala au anateleza anakuja kwako. Anatuangalia kutoka juu, matundu ya pua yanaonekana. Kwapani ana nywele, za ukweli, wakati wale wa Kuroda wote wamesafishwa kama sanamu. Na kitambaa? Kipo! Koshimaki nyekundu, inawaka, inagombana na kijani cha majani. Ile nguo polisi waliifunga kwa nguvu mwaka 1901 huyu kijana kaichora mwenyewe kwa hiari yake, na kaifanya ndo kitu kinachopiga kelele kuliko vyote. Picha inaitwa "Mrembo Mtupu", na hajawa mtupu. Nikimwona nasema huyu dogo alikuwa anamtania profesa wake, sina ushahidi, ni mi tu naona hivyo.

Zoezi lake: funika koshimaki kwa kidole. Picha inakufa palepale.

Wawili wa mwisho haraka. Koide Narashige wa Osaka ndo alikataa kunyoosha, wanawake wake wana kiuno kirefu, miguu mifupi, mapaja mazito, na kawachora kwa upendo kabisa, tafuta ile ya 1930 ya mwanamke kwenye kitanda cha Kichina, ipo Kurashiki makumbusho ya Ohara. Rudia kupima vichwa kwa penseli uone tofauti na Chi Kan Jo. Mwingine ni Foujita, aliyehamia Paris 1913. Mwaka 1922 akamchora Kiki, modeli maarufu wa Montparnasse, mtaa wa wasanii hapo Paris, amelala, na nyuma yake pazia la kitambaa cha Kifaransa kinaitwa Jouy, chenye michoro mingi midogo. Kitambaa kimetoka mwilini kimeenda ukutani! Ngozi ni nyeupe kama maziwa, na mstari unaoizunguka ni mwembamba sijui kama uzi wa buibui, kautoa kwa brashi ya Kijapani na wino mweusi wa maji. Hapo mchoraji yeyote atauliza, wino wa maji unakaaje juu ya mafuta, si unakimbia? Miaka mingi alificha siri. Baadaye wachunguzi wakakuta ulanga kwenye rangi, ile unga wa poda, na kuna picha mpiga picha Domon Ken kaipiga studio kwa Foujita, kopo la poda ya watoto linaonekana. Poda inafyonza mng'ao wa mafuta, wino unashika. Nimejaribu na poda ya mwanangu, inafanya kazi ila usipake nene, inapasuka.

Ukitaka kuzielewa zaidi ya hapo lazima uchore, hamna njia nyingine, hata vibaya. Wanafunzi wa Tokyo walianza na sanamu za plasta kwa mkaa, miezi na miezi, ndo wakaruhusiwa mtu hai, na anatomia walifundishwa, kuna wakati mwalimu wake alikuwa Mori Ogai, daktari wa jeshi ambaye pia ni mwandishi mkubwa. Mkaa wa kupikia haufai, unakwaruza karatasi. Chukua vijiti vyembamba vikavu, vimenye maganda, vipange kwenye kopo la maziwa ya unga, toboa tundu moja dogo kwenye kifuniko, weka kwenye moto mpaka moshi wa kwenye tundu uishe, acha lipoe kabisa ndo ufungue, ukifungua likiwa la moto vinageuka majivu mbele ya macho yako. Kufutia tumia mkate mweupe, ile nyama ya ndani, finyanga ugandamize, usisugue, na usiwe na siagi. Ndo walivyokuwa wanafutia kule Paris. Modeli huna, basi chora mguu wako mwenyewe umeukunja juu ya kanga, anza na mikunjo ya kanga, mguu utakuja baadaye.

Wiki iliyopita nilirudi steshenari ileile na Yorozu kwenye flash. Kijana akafungua, akaangalia nyuma, akaangalia skrini, hakupunguza mwanga. Akaprinti bila karatasi ya juu. Akaishika akaisogeza karibu na uso, kimya kama dakika hivi, watu wawili wamesimama nyuma yangu wanasubiri fotokopi, halafu akaniuliza, "Kaka, sa huyu mbona wamemwacha na nywele za kwapani?"